Ukiona ndovu kambeba mwana wa simba, jua vimeundwa

Mazungumzo ya leo yanawahusu watoto, pengine kuliko wewe na mimi.

Jioni moja majuzi, mama yangu alitutumia picha katika kikundi chetu cha familia cha WhatsApp. Ndani yake ndovu anatembea kwenye vumbi, mkonga ameukunja, na juu ya mkonga huo amelala mwana wa simba. Kando yake simba jike anatembea taratibu, kama mama aliyepata msamaria wa kumbebea mzigo. Maelezo yaliyoandamana na picha yalisema kwamba jua lilikuwa kali, mama simba amechoka, mtoto yu karibu kufa, ndipo ndovu akamhurumia na kumbeba hadi penye maji. Yalimalizia kwa kusema kwamba hiyo ndiyo picha bora ya karne hii.

Mama aliongeza neno lake: "Wanangu, hata wanyama wa mwituni wanasaidiana. Nyinyi je?"

Watu kumi na mmoja wa ukoo wetu wakajibu "Amina". Mimi, mwandishi wa habari mwenye stashahada ya kazi hiyo, nilikuwa wa kumi na mbili.

Haikupita dakika tano nikapata ujumbe wa kando kutoka kwa mpwa wangu, mwana wa dada yangu, kijana wa shule ya upili aliyekuwa nyumbani kwa likizo. "Mjomba, hata wewe?" aliniuliza. "Nimeitafuta picha hiyo ilikoanzia. Aliyeipiga ametajwa kuwa Sloof Lirpa. Hebu lisome hilo jina kuanzia mwisho."

Nikalisoma kinyumenyume, herufi baada ya herufi. April Fools! Yaani Siku ya Wajinga.

Naam, msomaji wangu. Picha hiyo ilitolewa tarehe 1 Aprili 2018 na ukurasa mmoja wa Afrika Kusini ambao huwajulisha watu ni wanyama gani wameonekana katika mbuga ya Kruger. Wanyama hao walitolewa katika picha mbalimbali, wakakutanishwa kwenye kompyuta. Wenye mzaha wao hawakuwa na hila; jina lenyewe lilikuwa kicheko. Lakini picha ilipoanza kupita mkono kwa mkono, jina likadondoka njiani, tarehe ikapotea, na kisa cha huruma kikabandikwa. Ilipomfikia mama yangu, mzaha ulikuwa umekwisha kuwa mahubiri.

Swali la mpwa wangu

Jumapili iliyofuata tulialikwa chakula cha mchana kwa dada. Baada ya kunawa mikono, kijana akanisogelea na simu yake.

"Mjomba, tazama na hii."

Ilikuwa picha ya Mbuga ya Nairobi. Twiga amesimama wima, shingo imepaa juu ya maghorofa ya jiji, jumba la KICC liko kushoto kwake, na mbele wanakula nyasi pundamilia watatu. Picha safi kabisa, ya kutiwa kwenye kalenda. Alikuwa amekusudia kuipeleka katika mashindano ya chama cha wanyamapori cha shule yao.

"Umeipiga wewe?" nikamwuliza.

"Nimezipiga zote tatu," akajibu, akacheka.

Ndipo akanieleza. Chama chao kilitembelea mbuga hiyo kwa siku moja. Twiga alimpiga saa moja asubuhi. Pundamilia aliwakuta saa tano. Maghorofa aliyapiga akiwa mahali pengine kabisa mle mbugani. Picha moja aliyoipata ikiwa na twiga na jiji kwa pamoja haikumridhisha: twiga alikuwa mbali, mdogo kama kijiti cha kiberiti, na maghorofa yamefunikwa na ukungu. Basi akaketi kwenye kompyuta ya babake usiku mbili akaunganisha.

"Lakini mjomba," akasema, safari hii bila kucheka, "twiga ni wangu, pundamilia ni wangu, maghorofa ni yangu, na siku ni ile ile. Sasa uongo uko wapi?"

Nilitafuna nyama polepole kuliko ilivyohitaji. Nikamwambia nitamjibu gazetini. Ahadi ni deni, na leo nalipa.

Jinsi inavyofanywa

Kwanza tuelewe kazi yenyewe, kwa sababu ajuaye kuunda ndiye ajuaye kutambua kilichoundwa. Tena si kazi ya kudharau. Ni ufundi, na kijana anayeujua anaweza kula kwao katika matangazo, vitabu na filamu.

Kuunganisha picha kulianza zamani, enzi za makasi na gundi. Kompyuta ilikuja kurahisisha tu. Programu mashuhuri zaidi, Photoshop, ilianza mwaka 1987 mikononi mwa Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akisaidiana na ndugu yake John. Kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza Februari 1990. Mwaka 1994 ikaongezwa jambo lililobadilisha kila kitu: matabaka. Fikiria vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kioo cha chini kina mbuga na mbingu, cha pili kina twiga, cha tatu kina pundamilia. Unaweza kusogeza kioo kimoja bila kugusa vingine. Asiye na fedha za kununua programu hiyo anaweza kutumia GIMP, ambayo hutolewa bure na hufanya mengi ya hayo.

Fundi mzuri huanza na mandhari, wala si mnyama. Huitazama mbuga yake na kujiuliza: jua liko wapi? Kisha hutafuta mnyama aliyepigwa na jua la upande huo huo na saa hiyo hiyo. Rangi unaweza kuitia na kuipunguza, lakini mwanga uliompiga mnyama ubavu wa kulia huwezi kuuhamisha kwa urahisi hadi wa kushoto. Mwanga wa saa moja asubuhi ni wa dhahabu na huja kutoka chini. Wa saa sita mchana hapa kwetu karibu na ikweta ni mweupe na hushuka utosini.

La pili ni kimo cha jicho. Ukisimama ndani ya gari lililofunguliwa paa, tuseme jicho lako liko mita mbili na nusu kutoka ardhini. Katika nyika tambarare, mstari ambapo ardhi hukutana na mbingu utampita kila mnyama kwenye kimo hicho hicho, awe karibu au awe mbali. Twiga wa mita tano atakatwa katikati na mstari huo. Pundamilia atakuwa chini yake mzima mzima. Ukimwona pundamilia aliyechomoza kichwa juu ya mstari huku twiga wa karibu naye amekatwa katikati, basi hao wawili hawakupigwa na jicho moja, au pundamilia huyo kapanda kichuguu.

La tatu ni kumkata mnyama kutoka katika picha yake ya awali. Mgongo wa kifaru ni kazi nyepesi. Balaa ni manyoya ya shingo ya simba, ncha ya mkia na masharubu, ambako kila unywele hupitisha mbingu iliyokuwa nyuma yake. Fundi mwenye busara hafuti kwa kifutio. Huficha tu asichokitaka, ili akikosea arudishe. Anayeharakisha huacha ukingo mweupe unaomzunguka mnyama kama uzi, au humkata wembamba mpaka simba akaonekana kanyolewa.

La nne, na hapa ndipo wengi huanguka, ni miguu. Ukienda mbugani, utaziona kwato za pundamilia mara chache sana, maana zimezama kwenye nyasi. Mnyama aliyebandikwa husimama juu ya nyasi kama kikombe juu ya meza. Fundi huleta nyasi chache mbele ya kwato katika tabaka la juu. Kisha hutengeneza kivuli, cheusi pale mguu unapogusa ardhi na hafifu kadiri kinavyokwenda mbali, kikielekea upande mmoja na vivuli vingine vyote.

La mwisho ni hewa. Vumbi na ukungu hufanya vitu vya mbali kufifia na kugeuka samawati. Ghorofa lililo kilomita kadhaa nyuma ya twiga haliwezi kuwa kali kama twiga mwenyewe.

Nilipofika hapo katika kujifunza, nikaiomba tena ile picha ya mpwa wangu. Kivuli cha twiga kilikuwa kirefu, kimelala kuelekea magharibi. Vya pundamilia vilikuwa vifupi, vimejikunja karibu na matumbo yao. Katika picha moja kulikuwa na saa moja asubuhi na saa tano. Nikampigia simu. "Mjomba," akasema baada ya kimya, "mwalimu hakuona."

Uongo uko wapi basi?

Tuje sasa kwenye swali. Uongo haumo katika twiga wala katika maghorofa. Umo katika neno "pamoja". Anayeitazama picha ya mnyama wa mwituni hatazami urembo tu. Anapokea ushahidi kwamba mnyama huyu alikuwa mahali hapa, saa hii, na alifanya jambo hili. Ukimtoa mahali pake na saa yake, umemsemea asilolitenda, na yeye hana mdomo wa kukana.

Utaniambia ni jambo dogo. Sikiliza kisa cha Uchina. Mwaka 2006 reli ya kwenda Lhasa, Tibet, ilifunguliwa, na watu wengi waliulizana itawaathiri vipi paa wa nyanda hizo, ambao ni wanyama waoga na ambao wakati huo walikuwa hatarini. Mpiga picha wa gazeti moja, Liu Weiqiang, akatoa picha maridadi: juu ya daraja gari la moshi linapita, na mbele yake kundi la paa linakimbia kwa mstari bila wasiwasi. Picha ilisambazwa na shirika la habari la Xinhua, ikasifiwa, ikatuzwa. Ilisema kwa kimya chake kwamba reli na paa wameelewana.

Mapema mwaka 2008, watu wenye macho makali waliona mstari hafifu chini ya picha, kama mshono wa nguo. Wengine wakauliza: paa hawa waoga, mbona hakuna hata mmoja aliyeshtushwa na kishindo cha gari la moshi? Mwenyewe akakiri. Zilikuwa picha mbili. Alipoteza kazi, mhariri wake mkuu akajiuzulu, na Xinhua likaomba radhi.

Kinachosikitisha zaidi ni hiki. Wanasayansi walikuwa wamewaona paa hao wakianza kuzoea kupita chini ya madaraja ya reli hiyo. Ukweli ulikuwapo, na ulikuwa na mashahidi wake. Lakini baada ya kashfa ile, nani tena angeamini picha ya paa na reli?

Nasi hapa nyumbani tuna reli yetu ya kisasa, inayovuka Mbuga ya Nairobi juu ya daraja la takriban kilomita 6, na ambayo ilizua mabishano makubwa kabla ya kujengwa. Wanyama wanapita chini yake au hawapiti? Wanaliogopa au wamelizoea? Hayo ni mambo ya kujibiwa kwa picha za kweli. Kijana mmoja mwenye kompyuta, kwa nia njema kabisa, anaweza kumweka simba chini ya nguzo hizo na kumaliza ubishi wa watu wazima kwa jambo ambalo halikutokea.

Chukua pia pundamilia. Mistari yake ni kama alama za vidole: hakuna wawili wanaofanana. Mwaka 2016 wananchi, wanafunzi miongoni mwao, walizunguka kaskazini mwa Kenya wakipiga picha za pundamilia wa Grevy, aina iliyobaki wachache mno duniani. Walitakiwa kumpiga mnyama ubavu wa kulia. Kompyuta ikalinganisha mistari, na kwa njia hiyo wakahesabiwa. Hesabu hiyo imerudiwa tangu wakati huo. Sasa fikiria mtu angetia humo pundamilia wa kuunda. Tumewazoea wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara. Tungekuwa na pundamilia hewa katika orodha ya walio hai, na kudhani wako wengi ilhali wanatoweka.

Mistari hiyo hiyo humsaidia msomaji. Mwaka 1994 mpiga picha wa Marekani, Art Wolfe, alitoa kitabu cha picha za makundi ya wanyama kiitwacho Migrations. Takriban theluthi moja ya picha zake zilikuwa zimeguswa na kompyuta, na miongoni mwake ni ya jalada, yenye pundamilia waliobanana, ambamo baadhi walinakiliwa ili kuziba mapengo. Dibaji ya kitabu ilieleza kwamba picha zimebadilishwa, lakini wapiga picha wenzake walibishana naye kwa ukali. Nawe ukiona kundi la pundamilia ambamo wawili wana mistari ile ile, usitafute zaidi.

Mambo ya kushika

Mzazi, usimkataze mtoto kuunganisha picha. Mpe masharti matatu. Kwanza, picha za awali zihifadhiwe kama zilivyotoka kwenye kamera. Pili, picha iliyoundwa isemwe kwamba imeundwa, na maneno hayo yaandikwe juu ya picha yenyewe, maana tumeona jinsi maelezo ya kando yanavyodondoka njiani. Tatu, mnyama asisingiziwe tabia isiyo yake.

Na unapoletewa picha, uliza tabia ya mnyama kabla ya kuchungulia vivuli. Simba jike humbeba mwanawe kwa kinywa, na ndovu akimwona simba karibu na kundi lake humkabili na kumfukuza, hasa penye watoto. Mbuga ya Nairobi haina ndovu wa mwituni, kwa hiyo ndovu akiwa mbele ya KICC kaundwa. Chui milia si mnyama wa Afrika. Akionekana Maasai Mara, kaletwa na kompyuta. Siku hizi hata kuunganisha si lazima, kwani akili unde huchora simba mzima kwa sentensi moja, na mishono haionekani tena. Macho yatashindwa. Kumjua mnyama hakutashindwa upesi.

Mpwa wangu alibandika picha mbili katika ubao wa mashindano. Ile nzuri aliandika juu yake: "Nimeiunganisha kutoka picha tatu." Ile ya twiga mdogo na ukungu aliandika: "Hii ni moja tu." Alipata nafasi ya tatu. Kilichomchoma ni kwamba wenzake walisimama mbele ya ile ya kweli wakabisha: "Twiga na maghorofa? Haiwezekani, hii umeunda!" Mbuga hiyo iko pale tangu mwaka 1946, yapata kilomita 7 tu kutoka katikati ya jiji, na watoto wa jiji hilo hilo hawaamini. Hiyo ndiyo gharama ya picha za uongo, mpenzi msomaji. Zikizidi, za kweli hukosa pa kukaa. Amewaahidi kuwapeleka wakajionee.

Nami nilimpigia mama yangu simu kumweleza habari ya ndovu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kumbe hakumbeba," akasema. "Sawa. Lakini nyinyi mtasaidiana, au mnangoja mpaka ndovu awafundishe?"

Sikuwa na jibu. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.